Mpaka Mgeni Anawe

Mume wangu Albano ni mtu wa polepole, mie ni mtu wa haraka, na katika miaka yote ya ndoa yetu nimeshindwa kumfundisha haraka naye ameshindwa kunifundisha polepole. Akipata gogo la mpingo analiweka mbele yake, anawasha sigara, anakaa kulitazama. Leo analitazama, kesho analitazama. Mie napita na ndoo yangu ya maji namuuliza, "Baba Petro, hiyo ni televisheni?" Hanijibu. Halafu asubuhi moja anashika tezo, na ukirudi kutoka sokoni unakuta mtu ameshaanza kutoka ndani ya mti, bega hili, goti lile, na huna la kusema tena.

Banda letu lilikuwa Bunju, kando ya Barabara ya Bagamoyo, mabati juu na magunia pembeni kuzuia vumbi. Wachongaji wote wa pale ni watu wa kusini, Wamakonde na Wamakua, Waislamu kwa Wakristo, kila mmoja na kigoda chake. Wanaume wanachonga, wanawake tunapiga msasa na kung'arisha. Mpingo ulitoka huko huko kwetu. Mtu alikwenda kijijini, akaongea na serikali ya kijiji, akakata kibali, akarudi na magogo mawili matatu juu ya lori la korosho. Magogo hayo yalitosha watu wote pale bandani kwa muda mrefu, kwa sababu mchongaji hali mti, anaulamba tu.

Kisha ikaja Sauti Timba. Hiyo ni kampuni inayonunua mpingo na kuupasua vipande vya kupeleka Ulaya, vikatengenezwe zumari na filimbi za bei kubwa. Mtu wao wa kwanza kufika bandani alikuwa kijana anaitwa Fredrick, afisa uhusiano. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo baba, shikamoo mama, mpaka mwenyewe nikasema huyu kalelewa. Akauliza magogo tunayatoa wapi, tunayatumiaje, tuko wangapi. Tukamjibu yote. Akapiga picha vipande vya mbao vilivyolala chini, akatugawia fulana na kofia, akaondoka. Fulana zilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Yangu niliivaa kupikia mpaka ikachanika kwapani.

Miezi ikapita, tukasikia redioni kwamba wataalamu wamekutana kwenye hoteli moja kubwa ya mjini, wamegundua mpingo unakwisha nchini, na wanaoumaliza ni wachongaji wasiofuata utaratibu. Kwenye televisheni ya jirani tukaona ukumbi wenyewe, na nyuma ya wataalamu limetandazwa bango la Sauti Timba. Yaani anayejaza makontena ndiye aliyewanunulia wataalamu chai, na wataalamu walipomaliza kunywa wakasema mla misitu ni Albano na tezo yake. Nilicheka siku ile. Nilidhani hakuna mtu mzima atakayeamini maneno kama hayo.

Aliyetutoa usingizini alikuwa Mwalimu Atuganile, jirani yetu, mwalimu mstaafu kutoka Tukuyu. Yeye haogopi karatasi. Akaja bandani na rasimu ya kanuni mpya, akavaa miwani, akatusomea. Mpingo wote nchini utauzwa kupitia ghala lililoidhinishwa. Ghala lililoidhinishwa ni moja, la Sauti Timba, liko Temeke. Na ghala haliuzi gogo moja, linauza kuanzia shehena ya lori zima. Ukikutwa na gogo lisilotoka ghalani, gogo linachukuliwa na wewe unachukuliwa.

"Sasa sie tutanunuaje lori zima la mpingo?" akauliza Ferdinand. Huyo ni mpwa wa Albano, mtoto wa dada yake, mwepesi wa mkono na mwepesi wa hasira. "Hata tukiuza banda na wake zetu, lori hatupati."

"Mke wako ukimuuza hupati hata gurudumu," nikamwambia, na watu wakacheka, ila hawakucheka sana.

Mwalimu akaendelea. Kanuni ilikuwa bado haijatiwa saini. Kabla ya saini, mheshimiwa mmoja, naibu waziri wa wizara inayohusika, angezunguka kukusanya maoni ya wadau, na kituo kimojawapo kilikuwa banda letu la Bunju. Wadau ndio sie. Akasema tusiombe mambo mengi, tuombe mstari mmoja tu uongezwe: mchongaji mdogo aruhusiwe kununua gogo moja moja kijijini kwa kibali cha kijiji, kama ilivyokuwaga. Mstari huo ukiingia, banda linabaki. Usipoingia, banda limekufa.

Hakuna aliyekuwa hajaelewa. Hata mie ambaye siku hizo nilikuwa nagombana na kila mtu, sikuwa na la kubishana.

Ila palitokea ubishi wa namna ya kumpokea mgeni. Kwetu mgeni haambiwi shida yako akiwa amesimama, wala akiwa na njaa. Anapokelewa kwa ngoma, anakalishwa, anapewa zawadi, anakula. Wewe mwenyeji unakaa kimya na shida yako tumboni. Akimaliza kula unamwagia maji ananawa, na hapo ndipo yeye mwenyewe husema, haya, nipeni habari za hapa. Mlango umefunguliwa, unasema yote, naye hawezi kukukatalia, maana chumvi yako imeshaingia mwilini mwake. Anayemvamia mgeni na matatizo kabla hajanawa ni mtu asiye na mama. Mgeni njoo, mwenyeji apone, sie tulilielewa hivyo.

"Jamani," akasema Mwalimu Atuganile, "hata kwetu mgeni anakula. Lakini huyu si mgeni wa kuja kula. Huyu ana ratiba. Mkianza na ngoma, muda wenu umekwisha. Anzeni na huo mstari. Akishuka tu kwenye gari, mpeni huo mstari."

"Mwalimu, tumkabe mlangoni?" akauliza Albano.

"Mkabeni."

Watu wakaguna. Bernadeta, ambaye ndiye mpishi wetu mkuu kwenye misiba na harusi, akasema hao watu wa baridi wa Tukuyu wana desturi zao na sie tuna zetu. Mwalimu akavua miwani akaifuta. Nami nilikuwa upande wa Bernadeta. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu kuku kichwani.

Zawadi ikamwangukia Albano. Alikuwa na gogo moja zuri limebaki, amelihifadhi uvunguni mwa kitanda chetu, limefungwa gunia bichi lisipasuke. Alikuwa amepanga kuchonga kitu chake mwenyewe, si cha watalii, ni kile ambacho mchongaji huwa anakisubiri maishani. Sikuwahi kujua ni nini, maana hata yeye alikuwa bado analitazama. Nikamwambia mpe huyo mheshimiwa kinyago chochote, chukua kile cha twiga, wakubwa wanapenda twiga. Akanikazia macho.

"Twiga?" akasema. "Namwomba mtu maisha yangu, nimpe twiga?"

Basi akalitoa gogo. Akachonga nguzo ya watu, wale wanaobebana mmoja juu ya mwingine, mama na mtoto, mzee na jirani, wote wameshikana bila kuungwa popote, kwa sababu wote wametoka katika mti mmoja. Nimeolewa na mchongaji, nimepiga msasa nguzo za watu nyingi kuliko nywele zangu, lakini ile kabla ya kuishika nilifuta mikono kwanza kwenye khanga. Kulikuwa na mwanamke wa chini kabisa, aliyebeba wote, na shingo yake ilikuwa shingo ya mtu ambaye hajachoka. Nilipiga msasa nikilia. Albano akaniuliza nalia nini, nikamwambia vumbi.

Siku ikafika. Asubuhi na mapema likaja lori likashusha mahema, viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa, spika na katoni za maji. Tukadhani ni wizara. Kumbe mahema yote yalikuwa ya Sauti Timba, na mshereheshaji mwenye kipaza sauti alikuwa Fredrick. "Shikamoo mama," akaniambia, "tumekuja kuwasaidia maandalizi." Mwalimu Atuganile alikuwa amesimama pembeni na mkoba wake. Akanitazama, nami nikatazama masufuria.

Tulipika. Ukisema wachongaji wa Bunju walishindwa, usiseme walishindwa kupika. Kuku wa kienyeji, ugali wa muhogo, samaki wa nazi, ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu, iliyotumwa na basi kutoka Newala, korosho za kukaanga. Mheshimiwa alichelewa sana, na jua likatuchoma, na ngoma zikapashwa moto mara nyingi ili ngozi zikaze. Alipofika tulikuwa tumechoka, lakini vijana walipopiga sindimba hata mie nilisahau goti langu bovu.

Nitasema kweli, alikuwa mama mzuri. Mama wa makamo, amejifunga kitenge, mchangamfu. Hakukaa kwenye kiti kama sanamu. Alivua viatu, akaingia katikati ya ngoma, akacheza, na alikuwa anajua kukata kiuno. Watu wakapiga vigelegele. Kamera zilikuwa zinamzunguka kama nzi. Nikamwambia Bernadeta, huyu ni mwenzetu, huyu atasikia. Nilifurahi jamani. Nilifurahi kwa moyo wangu wote.

Wakatambulishwa wakubwa, mmoja baada ya mwingine, mpaka dereva wa mwenyekiti. Kisha Fredrick akasema kabla ya chakula kuna zawadi. Albano akatoka mbele na ile nguzo, kaivalia suti yake ya kubarikiwa ndoa. Mheshimiwa alipoiona aliacha kutabasamu, akamgusa yule mwanamke wa chini, akasema taratibu, "Mzee, hii umeichonga wewe?" Albano akaitikia kwa kichwa. Nikaona macho ya yule mama yamelainika. Nikasema moyoni, umepita. Mstari umepita.

Chakula kikaletwa. Mheshimiwa akamega ugali, akaonja kuku, akasifu. Huku anakula, Fredrick akampa kipaza sauti, naye akasema, "Ndugu zangu, kwa kweli mie niliambiwa Bunju nitakuta watu wenye malalamiko. Nimekuta watu wenye furaha. Niseme nini zaidi?" Makofi yakapigwa, na yaliyoanza yalikuwa ya wale waliokaa kwenye viti vya kampuni, lakini sie tukafuata, maana mgeni akisema unampigia makofi.

Ferdinand akasimama. Alikuwa nyuma kabisa, karibu na ngoma. "Mheshimiwa, samahani, sie tuna neno. Tuna neno moja tu."

Na aliyemkalisha chini hakuwa Fredrick, wala mlinzi. Alikuwa Albano. Aligeuka na ile suti yake, akamwambia kwa Kimakonde na kwa Kiswahili, wote tukasikia: "Ferdinand, kaa. Mgeni anakula."

Ferdinand akakaa.

Albano mwenyewe alikuwa ameshashika jagi la maji na beseni, taulo begani. Alisubiri karibu na meza. Maneno yake alikuwa nayo tayari. Nilikuwa nimemsikia akiyasema chooni siku tatu mfululizo, yule mtu wa polepole, ule mstari mmoja alikuwa ameuchonga mpaka ukang'aa. Alichosubiri ni yule mama aweke kando sahani, anyooshe mikono, anawe, aseme haya nipeni habari.

Akaja kijana mmoja mwenye tai, akamnong'oneza sikioni. Mheshimiwa akatazama saa. Mezani palikuwa na vile vitambaa vya karatasi vyenye unyevunyevu, vya kwenye pakiti, vyenye jina la Sauti Timba. Akachomoa kimoja, akajifuta vidole, akachomoa cha pili, akajifuta mdomo. Akasimama.

Albano alibaki na jagi lake. Alinitazama kama mtoto aliyeulizwa swali ambalo halikufundishwa darasani. Hakunawa. Mgeni amemaliza kula na hakunawa, sasa unaanzia wapi?

Nikapiga kelele, "Baba Petro, mfuate!" Akaweka jagi chini, akakimbia, na Albano hakimbiagi. Alifika gari linawashwa. Kioo kikashuka. Nilikuwa nyuma yake, nilisikia kila kitu.

"Mheshimiwa mama, kuna mstari mmoja."

"Mzee wangu, umenifurahisha sana leo. Sitasahau."

"Kuna mstari kwenye kanuni, tunaomba uongezwe."

"Andikeni, mzee. Mpeni yule kijana, Fredrick, ataniletea." Akamshika mkono kupitia dirishani, akamshika kwa mikono miwili kama mtu anavyomshika baba yake, na gari likaondoka. Mkono wa Albano ulikuwa unanukia limau ya kile kitambaa.

Jioni tukajikusanya kwa jirani kutazama habari. Tukajiona. Bernadeta anapiga vigelegele, mie natikisa mabega, Albano na suti yake anakabidhi nguzo. Mtangazaji akasema wachongaji wa Bunju wameipokea kanuni mpya ya mpingo kwa ngoma na nderemo na kumzawadia naibu waziri kinyago kama shukrani. Mwalimu Atuganile alikuwepo pia, na hakusema niliwaambia, jambo ambalo lilinichoma zaidi. Angesema ningepata pa kumtukania.

Kanuni ikatiwa saini bila ule mstari.

Tulihangaika, msidhani tulikaa. Mwalimu akatuandikia barua kwa lugha ya kiofisi, tukapanda basi mpaka mjini, mie, Albano na yeye. Tukakaa kwenye benchi la korido mpaka afisa mmoja akatuonea huruma akatuingiza. Alikuwa mstaarabu. Alisoma barua yote, halafu akatoa simu yake, akatafuta, akatuonesha ile video.

"Hawa si nyie?" akauliza.

"Ni sie," akasema Albano.

"Mnacheza."

"Tulikuwa tunapokea mgeni."

"Nakuelewa mzee wangu. Lakini mie hapa nikiandika kwamba wadau hawakushirikishwa, na hii ipo, nitaonekana mtu wa ajabu." Akatukunjia barua vizuri akaturudishia. Kisha akamuuliza Albano kama vinyago vile bado tunauza, mkewe anapenda.

Ferdinand naye akasema barua ni za wazee. Akakusanya watu, wakatengeneza mabango, wakaenda kusimama mbele ya ghala la Temeke. Walijiandaa kupigwa virungu na mabomu ya machozi. Wengine walivaa viatu vya kukimbilia. Lango likafunguliwa, akatoka Fredrick na makreti ya soda baridi. "Karibuni ndugu zangu, jua kali." Jua lilikuwa kali kweli. Watu wakatazamana, wa kwanza akachukua, wa pili akachukua. Wakapigwa picha na soda zao mkononi, mabango wameyaegemeza ukutani. Kesho yake zikatoka mtandaoni: Sauti Timba yakutana na wachongaji, yaahidi kuendeleza ushirikiano. Katika picha nzima, asiye na soda ni Ferdinand peke yake, na kwa sababu amesimama pembeni, wamemkata nusu.

Alirudi nyumbani. Baada ya muda akapata kazi ya ulinzi Kinyerezi, kwenye mitambo ya gesi. Tezo zake akamwachia Albano. Zipo kwenye ndoo mpaka leo.

Banda likaanza kupungua. Mmoja alijaribu kuleta magogo mawili chini ya magunia ya korosho, yakakamatwa njiani pamoja na yeye, na nyumba yake ikauzwa kumtoa. Baada ya hapo hakuna aliyejaribu. Mwingine akaingia bodaboda, mwingine akarudi Masasi. Waliobaki wakachonga mnazi na mwarobaini, na sie wanawake tukapaka dawa ya viatu nyeusi ili ufanane na mpingo. Kazi hiyo ni ya kutia haya. Mama mmoja Mzungu alinunua kifaru, akakishika na mkono wenye jasho, akarudi nusu saa baadaye na kiganja cheusi. Hakugomba. Alimwonesha tu Albano kile kiganja. Albano akamrudishia hela, akaingia ndani, siku ile hakula.

Mie nilisema sana kipindi hicho. Niliisema kampuni, nikamsema yule mheshimiwa na kiuno chake, nikaisema desturi yetu. Nilimwambia Albano kwamba tumepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na tumelamba chupa. Nilitaka anijibu. Nilitaka hata anipige kelele, nijue kuna mtu ndani. Alikuwa anakaa kwenye kigoda chake mikono imelala mapajani, na mbele yake hakuna gogo, anatazama pale ambapo gogo lingekaa.

Ndipo Fredrick akaja tena. Shikamoo baba, shikamoo mama. Safari hii sikuitikia. Akasema ghala limejenga ukumbi wa maonesho, wageni kutoka nje wanakuja kununua shehena, wanapenda kuona utamaduni. Wanatafuta mchongaji mmoja wa kukaa pale. Mshahara wa mwezi, bima ya afya, nauli.

"Mpingo upo?" akauliza Albano. Ndilo swali pekee aliloliuliza.

"Baba, pale ndipo ulipo wote."

Alipoondoka nikamshukia mume wangu. Nikamwambia, hao ndio waliotuua, leo unakwenda kuwa pambo lao? Nikamwambia Ferdinand alikataa hata soda. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mama Petro," akasema, "mie siwezi kukaa bila mpingo. Mikono inaniuma. Usiku nachonga shuka." Nilikuwa najua. Nilikuwa nayaona yale mashuka asubuhi. Nikaingia ndani nikampigia pasi shati.

Akaanza kazi. Anaondoka Bunju kabla ya jua, anarudi limezama. Nilikuwa namuuliza habari za kazi, anasema nzuri. Unachonga nini? Nguzo ya watu. Imefika wapi? Inakwenda. Nikadhani ni ule upolepole wake. Nikasema moyoni labda hatimaye anachonga kile alichokuwa anakisubiri, na nikaona haya kwa yale niliyoyasema. Mwezi wa tatu au wa nne nikafunga safari kwenda kumwona, nikamchukulia ming'oko ya kuchemsha kwenye hotpoti.

Ukumbi ni mzuri. Una viyoyozi, una taa zinazomulika kila kitu kutoka juu, na ukutani kuna maandishi makubwa ya kusifia misitu. Albano alikuwa amekaa kwenye kigoda juu ya jukwaa dogo lenye kamba ya kuzuia watu, amevaa kaniki na shanga. Hatukuvaaga kaniki sie, hata babu yake alivaa suruali. Mbele yake kulikuwa na gogo la mpingo ambalo sijapata kuona jingine kama lile, nene, limenyooka, moyo mweusi tii. Kwa juu lilikuwa limechongwa kichwa kimoja na nusu ya bega. Albano alikuwa anagonga patasi kwa nyundo, ko, ko, ko, kichwa kainamisha, na wageni wawili walikuwa wanamchukua video. Nikasimama nyuma yao nione.

Nikaona sakafu. Miaka yote nafagia chini ya miguu ya mtu huyu, najua gogo linaangusha nini. Pale chini palikuwa safi, hakuna hata kipande.

Wageni walipoondoka nikasogea kwenye kamba. "Baba Petro, mbona hukati?"

Akatazama mlangoni kwanza. Kisha akanipa patasi niishike. Nikapitisha kidole gumba kwenye makali, na hayakuwepo. Ilikuwa imesagwa, butu kama kijiko.

"Wamesema gogo ni la gharama," akaniambia, kwa sauti ile ile anayotumia kuniomba chumvi. "Hili ni la mwaka mzima. Nikikata litaisha, na wageni wanapenda kukuta kazi inaendelea."

"Na wewe ukakubali?"

"Naligusa," akasema. "Si naligusa?"

Mie, Marietha, ambaye sijawahi kukosa jibu, nilisimama pale na hotpoti yangu. Mlango ukafunguliwa, likaingia kundi la watu, Fredrick mbele yao anatabasamu. Albano akanyoosha mkono, nikamrudishia patasi, akainamisha kichwa akaanza kugonga.